Vigae Vinavyokula

Siku hizi sakafu zote hula makombo, kwa hiyo mimi na mume wangu, Mbwana, tulibishana dukani. Yeye alitaka mbao, ambazo hutafuna polepole. Mimi nikang'ang'ania vigae.

"Vinameza papo hapo," nikamwambia. "Mimi na ufagio, basi tena!"

Na kweli, raha tupu. Wageni wakila pilau, hata punje haibaki chini.

Jana jino la binti yetu, Rukia, liling'oka. Kabla hajalirusha juu ya paa, kama ilivyo ada, lilimponyoka, vigae vikalimeza. Tulicheka wote.

Leo asubuhi vigae vya chini ya kitanda chake vimelowa, vinanata.

"Unyevu wa masika tu huo," akasema Mbwana, huku akimpandisha Rukia begani.

Hajamshusha mpaka sasa.