Mgonjwa wa Kijiji

Mzee Ditram alipokohoa mara ya tatu, watu waliokaa uani kwake walitazamana kwa matumaini.

"Hicho ni kikohozi cha kweli," alinong'ona Casmir, mwenyekiti wa kijiji. "Mpelekeeni supu."

Chanzo cha yote ni kisiwa. Usidhani ni kisiwa cha maana: ni fungu la mchanga katikati ya mto Mkondoa, lina matete na kenge mmoja, na ukitema mate upande huu yanaangukia upande ule. Miaka yote hakuna aliyekitaka. Kisha watu wa ng'ambo wakapanda pale mashina matatu ya miwa, na ghafla kila mtu akakumbuka kwamba babu yake alikuwa akilima huko. Watu wakatoana meno. Harusi mbili zikavunjika.

Afisa ardhi akaja kutoka Kilosa mjini, akasikiliza kutwa nzima mpaka akachoka.

"Sitaki maneno tena," alisema. "Narudi mvua zikikatika. Nitakaowakuta wamezika mtu wao pale, kisiwa ni chao."

Kesho yake habari zikavuka mto kwamba ng'ambo wana Bi Mwanne, bibi kizee, kabanwa na kifua. Casmir nusura alie. Ndipo akamkumbuka Mzee Ditram, aliyefiwa na mke, hana mtoto, na kwa miaka sita hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Wakamkuta kitandani, hoi.

Kumwombea mtu afe ni dhambi, lakini kumsubiri si dhambi. Wakamsubiri vizuri: godoro jipya, maziwa asubuhi, kuku mchana. Tatizo ni kwamba mzee alitaka kuzikwa Mamboya, kando ya marehemu mkewe.

"Shikamoo, babu," Casmir alimbembeleza. "Kisiwani kuna upepo mzuri."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mchanga ule una baridi."

Wakachinja mbuzi. Mzee akalainika. Baada ya siku mbili akamkumbuka tena mkewe, wakachinja wa pili.

Wakampeleka kwa daktari Mikumi, wajue zimebaki siku ngapi. Wakarudishwa na dawa ya minyoo. Tangu siku hiyo Casmir alimdharau yule daktari.

Kilichomtesa zaidi ni Bi Mwanne. Kila aliposikia kwamba bibi kazidiwa, hofu ilimpanda, na Mzee Ditram akaongezewa kuku. Ng'ambo nako ni hivyo hivyo: mzee akizidiwa, wao humchinjia Bi Mwanne, maana naye alikuwa aking'ang'ania kuzikwa kwao Magole.

Mbuzi wa kijiji wakaisha. Akabaki wa Casmir mwenyewe, jike lenye mimba. Siku ziliposikika habari kwamba Bi Mwanne hasemi tena, Casmir alimfunga kamba mbuzi wake, akamvuta mpaka kwa mgonjwa. Roho ilimuuma, lakini angefanyaje, na kisiwa kinakwenda hivyo?

Alipofika chini ya dirisha, alimsikia mzee akizungumza kwa simu, sauti kavu kabisa, haina hata chembe ya kikohozi.

"Sasa pumzika, Mwanne, umeniugulia vya kutosha. Amka ule. Na wakianza kukusahau huko, nipigie tu, nami nitakata roho siku hiyohiyo."