Heshima ya Herufi Tano

"Haitaingia," alisema Léopold. "Disku iko imejaa."

Consolate alikuwa anapiga hesabu nyuma ya bahasha. Vita vilikuwa vimewashusha watu wa Bijombo mbio hadi Uvira, na wengi walipotezana na wapendwa wao njiani. Sasa kompyuta ya ofisi ilikuwa na orodha ya 9,000 waliopatikana wakizurura katika bonde la Ruzizi. Kuisoma mstari kwa mstari, mafuta ya jenereta yangeisha kabla ya nusu. Ilihitajika fahirisi: majina ya mama peke yake, kwa alfabeti, kila jina na namba ya mstari wake, kama zile kurasa za mwisho wa kitabu.

Mbele yake, kofia mikononi, alikaa Papa Twizerimana. Alikuwa anamtafuta Umwiza. Ilikuwa Ijumaa, kesho wale wasio na mwenyewe wangevushwa mpaka, na wakishavuka hawarudi.

"Akina Umwiza wako arobaini na moja," Consolate alimwambia. "Ndiyo maana tunapitia kwa mama. Mama yake nani?"

"Mahoro. Mpole sana, yule."

"Na baba?" aliuliza Léopold.

"Baba!" Mzee alicheka. "Alipita tu, akaenda zake."

Consolate alirudi kwenye bahasha. Herufi ishirini za jina, nne za namba, mara 9,000: 216,000. Aliongeza nusu, kwa sababu fahirisi lazima iachiwe nafasi za kupenyeza majina mapya: 324,000. Disku ilibakiza 300,000.

"Si nilikuambia?" alisema Léopold.

Consolate aliinamia skrini. Mama Gaju. Mama Keza. Mama Mahoro.

"Léopold, nani ameandika 'Mama' mbele ya kila jina?"

"Ni minye. Wenyewe wanasema vile! Weye unataka niite mama wa watu jina tupu?"

"Hapa juu imeshaandikwa 'jina la mama'. Heshima yako iko inakula herufi tano, ukihesabu na nafasi, mara elfu tisa. Toa."

Léopold alitoa, huku ananung'unika. Sasa jina refu kuliko yote lilikuwa na herufi kumi na tano. Na nne za namba, mara 9,000, na nusu juu yake: 256,500.

Iliingia. Jenereta ilikohoa, ikaendelea. Consolate aliandika "Mahoro", na kabla mzee hajavaa kofia, jibu lilikuwa limetoka.

"Umwiza wa Mahoro. Yuko Runingu, kwa Ndayiragije. Mzima. Na amezaa."

"Amezaa?" Papa Twizerimana aliruka kama kijana. "Minye sijui lolote, amezaa?"

"Jike."

Mzee alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Léopold aligonga muhuri kwa nguvu, kana kwamba kazi yote ilikuwa yake.

"Kimbia, Papa," alisema Consolate, akimpa karatasi. "Na ubebe kamba ya nguvu. Ndayiragije ameandika kwamba anapiga mateke akikamuliwa."