Pampu Haivumi

Verna alifungua swichi ya pikapu, akatega sikio. Nyuma, ndani ya tangi, pampu ya mafuta ingepaswa kuvuma kidogo. Kimya.

Fyuzi ilikuwa nzima. Aliponyunyiza petroli kwenye njia ya hewa, injini iliwaka mara moja ikazimika. Basi moto wa plagi upo, mafuta ndiyo hayafiki.

Kando yake mumewe alijikunyata ndani ya blanketi, kakandamiza kifua kwa ngumi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama thelujini, na hospitali ni kilomita sitini.

"Ligonge tangi, bibi wee, pampu izinduke! Hilo halijui kubembelezwa," alisema mumewe.

Verna akaingia chini ya gari, akaligonga tangi kwa nyundo mpaka vidole vikafa ganzi. Akarudi, akafungua swichi tena. Kimya kile kile.

"Inavuma?" aliuliza mzee. Masikio yake yalikwisha kuuawa na matrekta. Kwa miaka mingi mkewe ndiye aliyemsikilizia injini.

Verna aliitazama midomo yake, imegeuka rangi ya majivu.

"Inavuma."

"Si nilikwambia! Haya, twende."

"Ngoja mafuta yapande kwanza," alisema, akafunga mlango, akamshika mkono.