Wateja wa Verna

Simu ilikuwa inaita tangu alfajiri na Ardis hakuipokea hata mara moja. Aliwajua: wale wasio na subira, wanaotaka kupenya kabla ya muda waokote vitu vizuri. Nordby ni mji mdogo, watu wanajuana mpaka soksi. Ukifungua banda la gari kuuza vitu ulivyovichoka, hata mbwa wanapata habari.

Mwaka huu alikusudia kumkomesha Verna, jirani wa ng'ambo ya barabara. Kila kiangazi Verna akitandaza vikombe vyake vya zamani na sweta za mumewe, Harlan, magari yanajaa mpaka kanisani. Ardis akiuza, wanakuja wawili, na mmoja anaomba maji ya kunywa. Wivu ulikuwa unamla, na wala hakuuficha. Mumewe, Gordon, aliusikiliza kila mlo.

Safari hii alitoa hadi sahani za mama mkwe. Akafunga maputo kwenye sanduku la barua, akakaa kusubiri.

Gari la kwanza lilipita, likaegesha kwa Verna. La pili vilevile. Punde barabara ikajaa pande zote mbili, na banda la Verna likawa wazi, meza zimepangwa ndani.

"Kaichagua siku yangu makusudi," Ardis alimwambia mumewe. "Wala hakubandika tangazo."

"Labda kuna jambo," alisema Gordon.

"Jambo gani? Roho mbaya tu."

Akafungulia redio muziki wa kodiani, sauti juu kabisa. Waliokuwa wanashuka magarini waligeuka, wakatazama maputo, wakatikisa vichwa, wakaingia kwa Verna. Hata mchungaji aliingia, na huyo hajawahi kununua hata kijiko kwa mtu. Hapo Ardis akashindwa kuvumilia, akavuka barabara.

Meza zilijaa vyakula vimefunikwa. Kumbe anawalisha wateja, ndiyo maana. Aliona bakuli la kioo la buluu, zuri ajabu, akaliinua juu atafute bei chini yake. Lilikuwa zito, bado lina viazi na nyama. Chini palibandikwa utepe wenye jina: Vangsness. Akainua la pili: Olson. Vizuri vyote vilikuwa na wenyewe tayari.

"Ardis, umekuja mikono mitupu?" aliuliza Ruth Vangsness, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akimimina kahawa.

"Nimekuja kuangalia tu."

"Haya. Mwenyewe yuko kule nyuma."

Karibu na meza ya zana za Harlan walisimama wanaume, mikono mifukoni, wakizungumza chini kwa chini. Mmoja alikuwa anaupapasa ule msumeno wa umeme, ambao Gordon ameutamani miaka nenda rudi. Ardis akaharakisha. Vyombo vimempita, sawa, lakini msumeno hautampita.

Verna alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, wanawake wamemzunguka, mmoja kamshika mkono, mwingine anamletea kahawa. Malkia kabisa. Ardis akajilazimisha kutabasamu.

"Umejaza, jirani," alisema. "Mimi tangu asubuhi sijauza hata kikombe. Haya, nitajie bei ya msumeno wa Harlan kabla hawa hawajauchangamkia."

Ruth akaweka birika chini.

"Bei sijaifikiria, Ardis," alisema Verna. "Ngoja kwanza nimzike."