Kaburi Lisilopigwa Reki

Kwa mwaka wa tatu mfululizo, kaburi la Jenerali Strautnieks halikupigwa reki. Luteni Purmalis, aliyesimama kando ya msonobari, aliliandika jambo hilo katika daftari lake, pamoja na saa.

Ilikuwa siku ya makaburi, Julai 1948, na wilaya nzima ilikuwa pale na ndoo na maua. Kila ukoo uling'oa magugu juu ya wafu wake na kumwaga mchanga mweupe, kisha mtu mmoja akapiga reki huku akirudi kinyumenyume mpaka nje, asiache hata unyayo. Maiti aliyeachiwa magugu wakati jamaa zake wangali hai, watu walimtaja kwa sauti ya chini.

Hermine, mjane wa jenerali, alikuwa amelipiga reki kaburi la baba mkwe na la mama mkwe. Alipofika ukingoni mwa kaburi la mumewe, aliinua reki, akaipangusa meno, akaenda kuketi kwenye benchi.

"Na wewe, Eizens," jirani mmoja alimwambia luteni akipita na ndoo, "mama yako anainama peke yake kwa babu yako, wewe unaulinda msonobari. Unaogopa utatoroka?"

Luteni aligeuza ukurasa wa daftari lake. Alizaliwa hapo hapo, na ndiyo maana wakubwa wake wa polisi ya usalama ya Kisovieti, huko Riga, walimpa jalada la jenerali. Lilikuwa fupi. Mtoto wa mkulima. Ofisa katika jeshi la Kaisari wa Urusi. Mwaka 1919, akipigania uhuru wa Latvia, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, akapewa nishani. Alistaafu, akafuga nyuki. Mwaka 1943 Wajerumani, waliokuwa wameiteka nchi, walimtoa kwenye mizinga yake ya nyuki na kumrudishia cheo, naye akatia sahihi amri ya kuwaita vijana wa wilaya wakapigane upande wao. Mwana mmoja, Imants, hakurudi kutoka vitani. Jenerali mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa moyo Septemba 1944, wiki mbili kabla ya Warusi kuingia.

Habari hiyo ya mwisho ilikuwa imetoka kwa mchungaji ambaye baadaye alikimbilia Uswidi, kwa hiyo haikumridhisha mtu. Tena kulikuwa na barua ya msafiri aliyedai kumwona jenerali baada ya vita huko Lübeck, Ujerumani, akinunua kabichi.

Sasa Riga walitaka jibu kabla ya Agosti. Kama jenerali yu hai, basi mjane alimficha, na mjane angepanda treni ya kwenda uhamishoni Siberia. Luteni hakupenda kumpandisha mtu treni kwa ajili ya kabichi. Lakini reki ilimsumbua. Mtu wa wilaya ile angeweza kumdanganya mchungaji na polisi bila kupepesa macho. Kulipiga reki kaburi ambalo anajua halina mtu, hilo asingeliweza. Mkono wenyewe ungekataa. Na Hermine alikuwa mwanamke wa pale hasa.

Alimwendea nyumbani jioni ile. Hermine alimkatia mkate mweusi wa nafaka ya rai, akammiminia kahawa ya shayiri, akamuuliza habari za magoti ya mama yake. Luteni alimweleza kwa upole kwamba kama mzee yuko Ujerumani, ni afadhali aseme mwenyewe. Yeye angejitahidi kuandika kwamba mke naye alidanganywa.

"Yuko pale nilipomweka, mwanangu," alisema Hermine.

"Mbona humpigii reki, mama?"

"Mgongo."

"Mama mkwe wako umempigia."

"Mama mkwe alikuwa mtu mwembamba."

Luteni alimaliza kahawa yake. Usiku huo aliandika hoja zake moja baada ya nyingine, akazisoma mara mbili, akatafuta kosa, hakuliona. Kesho yake aliomba kibali cha kufukua.

Walichimba Jumanne asubuhi. Mchimba kaburi, mzee Brencis, alilalamika kwamba watu hufanya kazi hii mara moja kwa kila maiti, na malipo yake ni ya mara moja. Hermine aliitwa ashuhudie. Alikuja amevaa viatu vya kazi, akaketi kwenye benchi lake, mikono mapajani. Luteni alikuwa tayari ameandika nusu ya ripoti ili asichelewe.

Jeneza lilifunguliwa. Daktari wa wilaya aliinama, akakaa huko chini kwa muda. Alihesabu vidole vya mkono wa kushoto, akavihesabu tena.

"Vitatu," alisema. "Yumo."

Luteni alichana ile nusu ya ripoti, akatia vipande mfukoni. Brencis alifukia, na kwa mazoea tu akamwaga mchanga mweupe, akapiga reki akirudi kinyumenyume mpaka nje. Hapakuwa na kaburi safi kuliko lile katika eneo lote.

Luteni alimwendea Hermine, akavua kofia. Alimwambia kwamba jalada limefungwa, hakuna treni, na kwamba anaomba radhi kwa usumbufu. Kisha, si kwa ajili ya jalada, akamuuliza kwa nini basi.

"Orodha ya vijana aliiandika yeye, mezani kwetu," alisema Hermine. "Jina la kwanza akaweka la Imants, ili akina mama wengine wasiseme anapendelea. Imants hana kaburi."

Akainuka, akapita katikati ya mchanga ule na viatu vyake, polepole, kutoka kichwani mpaka miguuni.