Mama wa Ukutani

Siku hizi mama aliyelea mtoto mwenye usonji haendi chuo kusomea ushauri nasaha. Malezi ndiyo cheti chake. Mchana huketi na wagonjwa, na sauti yake hurekodiwa na kutiwa kwenye kuta za nyumba zote mjini, iwatulize walioelemewa.

Mama Semeni alikubali kazi hiyo. Tangu zamani, kila mara binti yake Semeni alipoziba masikio na kujigonga kichwa, alimwambia, "Tua, mwanangu, tua," kama anamwambia aliyejitwika ndoo, na Semeni akatulia. Sasa mji mzima ulitua kwa neno hilo.

Jioni moja alirudi kutoka kazini hoi, vilio vya watu vimemjaa kifuani, akamkuta Semeni anajigonga. Akapiga magoti. "Tua, mwanangu."

Semeni akamsukuma, akaenda kubandika shavu ukutani. Ukuta ukasema yale yale, kwa sauti ile ile. Akatulia.

"Njoo kwangu. Mama mwenyewe si ndiye mimi?"

"Wewe umechoka," Semeni akajibu bila kugeuka. "Mama wa ukutani hachoki."

Jirani akachungulia dirishani, akacheka. "Heri yako, shoga! Umepata yaya asiyekula!"

Mama Semeni akaketi sakafuni, kando, akamsikiliza mwenzake akilea.