Kiti cha Kumi na Tatu

Mwalimu Kisanga alikata neno Fizikia kwenye fomu ya Nyamizi kwa wino mwekundu, juu yake akaandika Historia.

“Maabara ina viti kumi na viwili tu, binti. Wavulana wameshavijaza.”

“Kwa hiyo nisisomee udaktari kwa sababu ya kiti?” Nyamizi alipaza sauti. Miaka minne yeye ndiye aliyeosha mirija ya maabara ile, wavulana wakishaondoka.

“Usinipandishie sauti! Toka!”

Alitoka na fomu yake. Kesho yake, kipindi cha fizikia kilipoanza, aliingia na mbuzi ya mama yake ya kukunia nazi, akaitua mbele kabisa, akaikalia.

“Kiti hiki hapa, mwalimu.”

Kisha akaichomeka fomu kwenye meno ya chuma, palepale penye neno Historia.